Kabla fundi hajapanda juu ya paa lako, hakikisha bima yake kwanza

Yule kijana alikuwa saidia fundi tu, ameshika bati kwa mikono miwili, upepo ukaja ukalipiga lile bati kama tanga na yeye hakuliachia, akashuka nalo mpaka chini kwenye zege. Mi nilikuwa ndani nikasikia kishindo. Mguu ulivunjika sehemu mbili, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba ulikuwa mguu na sio shingo, ila jioni ile nilipompigia fundi mkuu anipe habari za ile bima aliyoniambia siku ya kwanza kwamba "ipo bosi, usiwe na wasiwasi", simu ikaita mpaka ikakata, kesho yake haipatikani kabisa. Walionijia nyumbani ni mama yake na kaka yake. Hawakuja kwa ugomvi, walikuja na karatasi ya hospitali mkononi na mimi sikuwa na la kuwajibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma mikataba ya bima na kusumbua mawakala kwa maswali, na kuna kitu kimoja nataka kila mwenye nyumba akijue kabla hajatoa hata advansi. Fundi kusema ana bima haitoshi, na hata cheti alichokushikisha bado hakijamaliza kazi. Bima ya kukusaidia ni ile ambayo kampuni yenyewe imekuthibitishia kwamba iko hai siku ile ya kazi, inahusu kazi ya paa, na inawahusu hao watu watakaopanda. Vitu vitatu hivyo, kimoja kikikosekana ni sawa na hamna.

Hatua ya 1: Jua unaulizia bima gani

Wengi tunauliza "una bima?", fundi anasema ndiyo, yanaishia hapo. Sasa bima za fundi wa paa ni zaidi ya moja na kila moja ina kazi yake.

Kuna ya dhima, yaani inayolipa pale fundi anapoharibu mali ya mtu au kumuumiza mtu ambaye si mfanyakazi wake. Kigae kimeangukia gari la jirani, ubao umempiga mpita njia, moto umeanzia kwenye paa ukala chumba, hizo ndo kazi zake. Halafu kuna ya wafanyakazi, hii inalipa matibabu na sehemu ya mshahara wa mtu aliyeumia akiwa kazini. Yule kijana asingelipwa na bima ya dhima hata kama ingekuwepo, manake kwa kawaida ile inawatoa nje wafanyakazi wa mwenye bima kwa sababu wao wana bima yao. Hapa ndo wengi tunapoponzeka, unaonyeshwa cheti cha dhima chenye kiasi kikubwa kikubwa unaridhika, kumbe mtu mwenye hatari kubwa kuliko wote pale nyumbani, yule aliye juu, hayumo. Na lori la mabati likirudi nyuma likabomoa ukuta wako ni habari ya bima ya gari, hiyo nayo uulize.

Na kitu ambacho hakuna hata moja kati ya hizo inalipa ni kazi mbovu yenyewe. Paa likivuja kwa sababu liliezekwa vibaya, bima ya dhima inaweza kulipia dari na makochi yaliyolowa, lakini kuezua na kuezeka upya hailipi, hilo ni la dhamana ya kazi mliyoandikiana, na kama hamkuandikiana basi unarudi kwa fundi na maneno matupu.

Sheria zinatofautiana sana. Kenya, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Tanzania mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Uingereza tangu sheria ya 1969 mwajiri lazima awe na bima, na kiwango cha chini ni pauni milioni 5. Marekani kila jimbo lina lake: Texas mwajiri binafsi anaruhusiwa kutokuwa nayo, wakati California kontrakta wa paa mwenye leseni lazima awe nayo hata kama hana mfanyakazi hata mmoja, manake wanajua watu wa paa wanavyoanguka. Kwa hiyo ushauri wa ndugu yako anayeishi nchi nyingine unaweza usikufae kabisa, uliza sheria ya mahali nyumba ilipo.

Hatua ya 2: Omba cheti, ila kisipitie mkononi mwa fundi

Skrinishoti ya WhatsApp sio uthibitisho. Fotokopi pia. Mwambie fundi kwa adabu tu, "fundi, naomba wakala wako wa bima anitumie cheti moja kwa moja kwenye imeili yangu", na kwa fundi mwenye bima ya kweli hiyo ni simu ya dakika tano, wengine wameshazoea hata hawaulizi kwa nini. Akianza kukasirika kwamba humwamini, au kila siku wakala yuko safari, mi ningeachana naye hata kama bei yake ni nzuri, na mara nyingi bei yake huwa nzuri kweli kwa sababu halipii bima ambayo wenzake wanalipia.

Cheti kikifika usipige ile namba iliyoandikwa juu yake. Tafuta namba ya kampuni ya bima mwenyewe kutoka kwenye tovuti yao au kwa mamlaka inayosimamia bima, maana mtu anayeweza kughushi cheti anaweza pia kuweka namba ya rafiki yake apokee. Ukiwapata wape namba ya mkataba wa bima waangalie.

Angalia na jina. Jina la kwenye cheti, jina la kwenye mkataba wenu na jina la akaunti unayotumia hela yawe kitu kimoja. Kama bima ina jina la kampuni fulani halafu mkataba umesainiwa na mtu binafsi, siku ya tatizo utaambiwa huyo aliyesaini hatumjui.

Tarehe ndo mtego wenyewe. Bima nyingi zinalipwa kwa awamu, mtu analipa awamu ya kwanza anapata cheti kinachosema mwaka mzima, mwezi wa pili halipi, bima inafutwa, na cheti bado kiko vile vile kinang'aa kwenye faili lake. Hata fomu ya cheti inayotumika sana Marekani imeandikwa juu kabisa kwamba ni taarifa tu, haimpi aliyeipokea haki yoyote. Kwa hiyo nakuomba, piga simu kampuni ya bima mara mbili, mara ya kwanza kabla ya kusaini na mara ya pili asubuhi ile wanayoanza, kabla ngazi haijaegemezwa.

Hatua ya 3: Maswali ya kuuliza kampuni ya bima

Kwenye hatua hii usiwe na haraka. Mkataba wa bima unatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, na kwenye kazi za paa hiyo mistari ya kunyang'anya ni mingi kuliko kazi nyingine za ujenzi.

Uliza kazi gani imeandikwa kwenye hiyo bima. Bima ya mtu wa paa ni ghali kuliko ya seremala au mpaka rangi kwa sababu ya hatari, na wapo wanaojiandikisha kama seremala ili walipe kidogo. Cheti ni halali, kampuni ipo, bima iko hai, lakini ajali ikitokea juu ya paa kampuni ina sababu ya kusema huyu hakutuambia anapanda paa, hatulipi.

Uliza kama kuna kikomo cha urefu. Baadhi ya mikataba inaishia ghorofa kadhaa tu, nyumba yako ikizidi hapo umetoka nje ya bima.

Uliza kuhusu mvua kuingia wakati paa liko wazi. Hili watu hawalijui kabisa na ndo linaloharibu nyumba nyingi, wameezua upande mzima saa nne asubuhi, saa tisa wingu limefunga, maji yanaingia mpaka kwenye magodoro. Mikataba mingi ya mafundi paa hailipi maji yaliyoingia kwenye paa walilolifungua wao, au inalipa tu kama walifunika kwa turubai kwa namna fulani iliyoandikwa. Ukiambiwa hailipi, usimfukuze fundi kwa hilo peke yake, ila sasa unajua kwamba turubai ndo bima yako na lazima iwe pale juu tayari, sio dukani.

Kama ni paa la bapa linalofunikwa kwa lami na kuchomwa kwa moto wa gesi, uliza moto huo umo au umetolewa. Mara nyingi umetolewa au una masharti. Na kama paa lako la zamani ni la shuka za asbesto, uliza hilo peke yake, kwa sababu asbesto hutolewa kwenye bima nyingi za dhima na nchi nyingi zina utaratibu maalumu wa kuishusha.

Halafu watu wenyewe. Nani anapanda? Mara nyingi uliyesaini naye hapandi, anawapa kazi mafundi wengine wadogo, na bima yake inaweza kusema hao hawamo mpaka nao wawe na bima yao. Omba vyeti vyao pia. Na kwenye bima ya wafanyakazi uliza inalinda watu wangapi, kwa sababu kuna ile ambayo mwenye kampuni amejitoa mwenyewe kama sheria inavyomruhusu na ameandika hana mfanyakazi, yaani ni bima ya watu sifuri, imenunuliwa ili cheti kipatikane tu. Ukiona wanakuja sita na bima ilisema hakuna mfanyakazi, jibu unalo.

Mwisho omba jina lako liongezwe ndani ya bima ya dhima ya fundi kama mtu anayelindwa nayo kwa kazi hiyo. Kupewa cheti na kuongezwa ndani ni vitu viwili tofauti, aliyepewa cheti ameonyeshwa tu, aliyeongezwa akishtakiwa kwa sababu ya kazi ile kampuni ya fundi inatakiwa imtetee pia, ndani ya masharti ya mkataba. Omba ile karatasi ya nyongeza yenyewe.

Hatua ya 4: Ongea na bima yako ya nyumba

Kama nyumba yako ina bima, wapigie kabla kazi haijaanza, na maswali yaende kwa maandishi wajibu kwa maandishi. Mfanyakazi wa fundi akiumia akanidai mimi, mtanitetea? Nyumba ikikaa bila watu wakati wa kazi, bima inaendelea? Mabati na mbao zilizolala uani zikiibiwa ni za nani? Usidhani tu kwamba bima ya nyumba inabeba kila kitu, nyingi zinakwepa mtu ambaye alitakiwa awe na bima ya wafanyakazi, na zinakwepa kazi mbovu. Kama huna bima ya nyumba kabisa basi hatua ya 3 ndo kila kitu kwako.

Hatua ya 5: Usigeuke mwajiri bila kujijua

Hili lilinishangaza zaidi kuliko yote. Mahakama katika nchi nyingi haiangalii tu mmeitana nini, inaangalia nani alikuwa anaongoza kazi. Ukimwajiri kontrakta anayejitegemea, anakuja na vifaa vyake, watu wake, ratiba yake na bei ya kazi nzima, yeye ndo mwajiri wa wale vijana. Ila ukianza kulipa vibarua kwa siku mwenyewe, unawapangia saa za kuingia na kutoka, unawaazima ngazi yako, unasimama chini unaelekeza "wewe nenda kule, piga msumari pale", unaanza kufanana na mwajiri, na mwajiri ana deni la mfanyakazi aliyeumia. California inaenda mbali zaidi, ukimpa fundi asiye na leseni kazi inayohitaji leseni, wewe mwenye nyumba unaweza kuhesabiwa mwajiri wake na wa watu wake.

Ngazi usiazime hata kama ni ya kushuka na kupanda mara moja. Ikikatika ni ngazi yako. Najua kwetu kumnyima mtu kifaa kinachokaa bure stoo inaonekana roho mbaya, lakini fundi wa paa asiye na ngazi hajaja kufanya kazi ya paa.

Ukiona jambo halijakaa sawa ongea na fundi mkuu, sio na vijana. Na yale unayoyajua wewe na wao hawayajui yaseme mapema na uyaandike: mbao zilizooza upande wa jikoni, waya wa umeme unaopita karibu na ukingo, ile shuka ya kupitisha mwanga ambayo ukiikanyaga inapasuka. Sheria ya Uingereza ya 1957 kuhusu wajibu wa mwenye eneo imelipanga vizuri, mtu wa fani anatarajiwa ajikinge na hatari za kawaida za fani yake, na mwenye eneo anajitoa kwenye lawama za kazi ya kontrakta kama alifanya jitihada za busara kujiridhisha kwamba kontrakta anafaa. Hizo simu zako na imeili zako ndo jitihada zenyewe, zitunze.

Hatua ya 6: Mkataba

Sio lazima uwe mrefu. Uandike kwamba fundi ni kontrakta anayejitegemea na ndiye anayehusika na usalama na fidia ya watu wake, kwamba bima zote zitakuwa hai mpaka kazi iishe na zikifutwa kazi inasimama, kwamba hatampa mtu mwingine kazi bila wewe kukubali na kuona bima yake, kwamba paa halifunguliwi zaidi ya wanachoweza kufunika siku hiyo hiyo, dhamana ni ya muda gani, na malipo yanafuata hatua za kazi. Kama ni kazi kubwa mpe wakili ausome, ni hela kidogo ukilinganisha.

Hatua ya 7: Kabla na wakati wa kazi

Piga picha za kila kitu siku moja kabla, dari za ndani chumba kwa chumba, kuta, gata, madirisha, paneli za sola, na ukuta wa jirani pia. Picha za simu zina tarehe, inatosha. Hamisha magari, mwambie na jirani ahamishe lake. Watoto na mifugo wasikaribie, na mlango unaotokea chini ya sehemu wanayofanyia kazi ufungwe.

Kwenye usalama wa juu hutakiwi kuwa msimamizi wao, nimeshasema, ila una macho. Marekani sheria ya ujenzi inadai kinga ya kuanguka kuanzia mita 1.8 kwenda juu, huo ni urefu wa mtu mrefu tu, kwa hiyo hakuna paa la nyumba unaloweza kusema hili ni fupi. Mikanda ya usalama iwe imefungwa kwenye kitu imara, sio imevaliwa tu. Ngazi, kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu wake utoke mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa kama mita 1. Upepo ukiwa mkali bati lisipande, hilo mi nalijua kwa uchungu. Kama wametumia moto, abaki mtu analinda angalau saa nzima baada ya moto kuzimwa, kwa sababu cheche hukaa ndani ya mbao kimya kimya kisha ikalipuka watu wameshaondoka. Ukiona hatari ya kuua mtu, mwambie fundi mkuu asimamishe kazi, kisha uandike ujumbe kwake ili ibaki kumbukumbu.

Hatua ya 8: Mtu akianguka

Kwanza mtu. Usimnyanyue wala kumkalisha, mgongo unaweza kuwa umeumia, piga simu ya dharura, mfunike asipate baridi, ongea naye. Mengine yote yanasubiri.

Akishapelekwa hospitali piga picha za mahali, ngazi ilivyokaa, mikanda ilikuwepo au haikuwepo, hali ya hewa. Andika majina ya waliokuwepo. Siku hiyo hiyo toa taarifa kwa maandishi kwa bima yako ya nyumba na kwa kampuni ya bima ya fundi, usimwachie fundi aseme "nitawaambia", manake kuchelewa kutoa taarifa ni sababu mojawapo ya madai kukataliwa. Kama nchi yako inataka ajali ya kazini iripotiwe kwa mamlaka ya usalama kazini, mwajiri ndiye anayeripoti, we muulize ameripoti lini.

Usisaini chochote na usiahidi kulipa kabla hujaongea na bima yako, hata fundi akikuomba myamalize wenyewe kimya kimya. Kumpelekea mgonjwa chakula, kumtembelea, kumsaidia nauli ya familia yake, hayo fanya na yafanye kwa moyo, kuonyesha utu sio kukubali kosa. Ila uandishi wa "mimi nitabeba gharama zote" usiuandike ukiwa na hofu.

Hatua ya 9: Malipo ya mwisho na karatasi

Usimalizie hela kabla hujazunguka nyumba yote na sumaku ya kuokota misumari imepitishwa uani, na kabla fundi hajakupa risiti kwamba wauza mabati na vibarua wake wamelipwa. Marekani muuza vifaa ambaye hakulipwa na kontrakta anaweza kuweka deni juu ya nyumba yako ingawa wewe ulishamlipa kontrakta kila kitu, ndo maana kule watu wanadai karatasi iliyosainiwa ya kuachilia dai hilo kutoka kwa kila muuzaji. Hata pasipo na sheria hiyo, kibarua asiyelipwa anajua nyumba yako ilipo.

Faili lote liweke pamoja, mkataba, vyeti, imeili za kampuni ya bima, picha, risiti. Usilitupe baada ya mvua ya kwanza kupita salama. Uingereza mtu aliyeumia kwa kawaida ana miaka 3 ya kufungua kesi, sehemu nyingine muda ni tofauti, na maji yanayopenya taratibu yanaweza kuonekana kwenye dari baada ya misimu kadhaa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa faili andika kwa herufi kubwa jina la kampuni ya bima, namba ya mkataba wa bima wa mwaka ule kazi ilipofanyika, na tarehe za kuanza na kuisha, kwa sababu baadhi ya bima hulipa kwa kufuata siku jambo lilipotokea na nyingine kwa kufuata siku dai lilipoletwa, na hilo pia waulize ni ipi kati ya hizo mbili uliandike hapo hapo chini.